Mwezi wa Saa Kumi na Moja

Njombe,
27 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na kitanda nimepata cha chini, karibu na mlango. Usishangae kupata barua ya karatasi. Simu hapa ni marufuku, ukikamatwa nayo unarudishwa nyumbani. Ya matroni ni ya dharura tu, na ukiongea nayo yeye anakaa palepale anachambua mchele, masikio yote kwako. Kwa hiyo nitakuandikia. Dereva wa basi linaloleta mizigo ya shule amekubali kuziacha ofisini kwao Shekilango, ukipita kutoka Mwenge utakuwa unaulizia.

Baridi ya huku Baba usiombe. Maji ya bomba asubuhi yanauma vidole kama yamechemshwa. Wenzangu wananiita Bi Dar kwa sababu navaa soksi mbili mbili na bado natetemeka.

Sasa sikiliza. Mwalimu wetu wa Jiografia, Madam Kokushubila, ametupa kazi ya muhula mzima. Kila mtu achague mtu mmoja wa nyumbani, wauangalie mwezi siku moja, kila mmoja kwake, kila mmoja achore alichokiona. Halafu tunalinganisha. Nimekuchagua wewe. Ningemchagua nani, wakati tumebaki wawili?

Nilimwambia nyumbani ni Sinza, taa tupu, baa kila kona. Akasema taa za mji zinaua nyota, mwezi haziuwezi. Kosa la watu wa mjini ni kusubiri mwezi mpevu. Ule jua linaupiga usoni moja kwa moja, kila kitu kinalala, hakuna kivuli, unaona sahani tu. Wa kuangalia ni nusu mwezi, wiki moja hivi tangu uandame. Na si lazima usiku. Saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka, wenyewe uko juu tayari. Tafuta ule mstari ambapo mwanga unakutana na giza, huko ndiko kuna mambo. Giza likiingia simama mahali ambapo taa haikupigi machoni, utulie kidogo macho yazoee.

Siku yetu ya kwanza ni Jumamosi, tarehe mbili. Usisahau. Na ule vizuri, usile chipsi kila siku.

Mwanao,
Marietha


Sinza,
4 Agosti 2025

Mwanangu Marietha,

Marahaba. Barua nimeipata Ijumaa na nimeisoma yote.

Huyo Madam wako angefaa kuwa fundi wa vinyago. Kinyago hukikagui jua likiwa utosini, hapo hata kazi mbovu inapendeza. Unakipeleka dirishani mwanga uingie kwa ubavuni, na kila mahali patasi ilipoteleza panajitangaza penyewe. Miaka thelathini nafanya hivyo, sikujua kama na mwezi ni hivyohivyo.

Jumamosi nilitoka saa kumi na moja kama ulivyosema. Nikazunguka uwanja mzima nimeinua shingo, sikuuona. Nadhani kulikuwa na wingu. Nikarudi tena saa moja, nikakaa nyuma ya tangi la maji kwa sababu Albano ameongeza taa za rangi kwenye baa yake, zinaingia mpaka chumbani. Hapo nikaupata. Mchoro nimekuwekea. Una ukungu pembeni, na ule mstari uliousema niliuona kama umejirudia, mmoja umepanda juu ya mwenzake. Sijui ni vumbi la mji au ni hizo taa.

Hapa pazuri tu. Kazi ipo, wageni wanakuja. Jumapili nikitoka kanisani wenzetu wa jumuiya wananiambia karibu nyumbani, nami nasema nitakuja. Siku hizi nikitoka asubuhi naacha redio inaongea, ili nikifungua mlango jioni nikute sauti ya mtu.

Soma, Marietha. Mwaka jana ulikosa shule miezi miwili kwa ajili ya kumuuguza mama yako, na bado ulifaulu. Sitaki ukose hata siku moja tena kwa ajili ya mtu yeyote.

Baba yako,
Polikarpo


Njombe,
15 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Nimecheka na nimefurahi. Mchoro wako Madam ameubandika ukutani na kuuandikia "Sinza". Wa kwangu upo pembeni yake. Mimi nilitazama kwa darubini ya shule, ile ya macho mawili, nikaona mashimo yamejipanga kwenye ule mstari, kila shimo lina kivuli chake. Nilisahau baridi.

Ila darasa lilinicheka kidogo. Kuna msichana anaitwa Rukaiya, aliuliza kama Dar kuna miezi miwili. Nikamwambia baba yangu ni msanii, anachora anavyotaka. Lakini Baba, na wewe! Unachonga kucha za mtu kwenye mpingo, mwezi ukaufanya hivyo? Au uliuchora harakaharaka uwahi mpira? Na mwandiko umekuwa mkubwa, mistari minne unajaza ukurasa. Najua ujanja huo, nilikuwa naufanya kwenye insha.

Sasa kuna jambo kubwa. Jumapili ya tarehe saba Septemba mwezi utapatwa, na utapatwa wote. Madam anasema utaonekana Tanzania nzima, mjini na kijijini, bila darubini wala miwani. Utaanza kumegwa kama saa moja na nusu, na saa mbili na nusu utakuwa umeingia wote kwenye kivuli cha dunia. Utakaa humo zaidi ya saa nzima.

Baba, nikwambie ukweli? Usiku wenzangu wakilala huwa nasema na Mama kwa sauti ndogo chini ya blanketi. Hajibu, najua. Lakini tarehe saba nataka nijue kwamba saa mbili na nusu kamili kuna mtu wangu amesimama mahali anaangalia ninachokiangalia. Niahidi utakuwepo. Usiniandikie mambo mengi, niandikie tu ulichokiona.

Marietha


Sinza,
9 Septemba 2025

Mwanangu,

Nilikuwepo. Nilikaa nyuma ya tangi kuanzia saa moja. Mwezi ulikuwa mkubwa, ukaanza kuliwa upande mmoja, ukaliwa, ukaliwa, kisha ukawa mweusi ukapotea kabisa. Mbingu tupu. Nilikaa kwenye hiyo mbingu tupu nikikufikiria wewe. Baadaye sana ukarudi.

Ndicho nilichokiona.

Baba


Njombe,
16 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mbele ya darasa. Madam alitaka kila mtu asome ya nyumbani kwake. Rukaiya kasoma ya shangazi yake wa Kibamba. Mwingine kasoma ya kaka yake wa Temeke. Wote wamesema mwezi ulikuwa mwekundu. Mwekundu, Baba, kama chungu kinachotolewa motoni. Haukupotea hata dakika moja. Saa nzima ulikuwa pale juu unawaka wekundu, na mimi nilikuwa nje na blanketi nalia kwa uzuri wake, nikijiambia Baba naye anauona.

Nikasoma ya kwangu. "Ukawa mweusi ukapotea kabisa." Darasa likacheka. Madam hakucheka, alinitazama kwa huruma, ikawa mbaya zaidi.

Hukutoka nje. Ulilala, au ulikuwa kwa Albano, halafu Jumanne ukakaa ukatunga unachodhani watu huona mwezi ukipatwa. Ungeniambia tu kwamba ulisahau, ningekasirika siku moja yakaisha. Lakini umeniandikia kwamba ulikaa ukinifikiria.

Tangu Mama afariki upo lakini haupo. Nikiwa nyumbani nilikuwa nakupa chakula unapapasa sahani ukiangalia pembeni. Nikikuonyesha kitu unasema kizuri bila kukitazama. Nilidhani ni msiba. Mama asingenidanganya hivi.

Kazi ya mwezi nimemwambia Madam naiacha. Usihangaike tena kutoka nje.

Marietha


Sinza,
22 Septemba 2025

Mwanangu Marietha,

Salaam nyingi. Mie ni Hamisa, mama Naima, mwenye nyumba wenu. Hujazoea kuniona kwenye karatasi, umezoea kunisikia nikigomba uani. Ningepiga kwa matroni, ila haya si ya kuongea huku mtu anachambua mchele. Unaona nalijua hilo la mchele? Nalijua kwa sababu barua zako zote mie ndiye ninayezisoma.

Baba yako haoni, mwanangu.

Ile ya kwanza alikuja nayo jikoni kwangu, akasema Mama Naima nisomee, miwani yangu imevunjika. Miwani gani? Miaka kumi na moja amepanga hapa sijamwona na miwani. Nikamsomea, akaniomba nirudie pale pa saa kumi na moja. Kujibu anajibu mwenyewe, kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, pua imegusa karatasi. Ndiyo maana ya ule mwandiko.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukimtazama kwenye mwanga unaona weupe pale katikati. Hiyo kazi anayokwambia ipo, hakuna. Tangu mwezi wa tano hashiki patasi, alijikata kidole karibu kitoke. Wenzake pale Mwenge wanampa vinyago vyao avisugue msasa, maana hiyo ni kazi ya mikono tu.

Sasa nije kwenye ya tarehe saba. Mie nilikuwa barazani na Naima, mwezi tumeuona mwekundu kama ulivyosema. Sie watu wa Msasani mwezi hautupiti, tangu wadogo tulikuwaga tunapandishwa ukutani kuutafuta. Saa moja nilimwona baba yako anabeba kigoda anaenda nyuma ya tangi. Kavaa shati lake la kanisani. Saa nne naenda kufunga geti, yupo palepale kwenye kigoda, uso juu. Nikamwambia Baba Marietha, ingia ndani, mbu watakumaliza. Akasema, "Bado. Nimeahidi. Nasubiri urudi." Nikadhani anatania, maana mwezi si ulikuwa upo? Nikaenda zangu kulala. Sikumwelewa mpaka barua yako ilipokuja. Ule wekundu ulikuwa hafifu, na kwa macho yale, pamoja na taa za Albano, kwake mwezi ulizimika kweli. Alikuandikia alichokiona.

Barua yako ya kukasirika nilianza kuisoma nikasita. Akasema, "Soma yote, Mama Naima." Nikasoma. Nimeruka mstari mmoja tu, huo wa mama yako, nikajifanya nakohoa. Alipomaliza kusikia akaniuliza, "Kumbe ulikuwa mwekundu?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza mwekundu wa namna gani. Nikajitahidi kumweleza, na mie si mtu wa maneno mazuri. Akashukuru, akaenda chumbani, redio akaizima.

Alikuficha kwa sababu moja. Anaogopa utaacha shule uje umshike mkono, kama ulivyofanya kwa mama yako. Kanikataza nisikwambie, na mie nimekwambia. Hospitali alikuwa anakataa kwa sababu hana wa kwenda naye. Nimemwambia mie nina miguu. Alhamisi tarehe ishirini na tano wanamfanyia upasuaji jicho la kulia, Naima kaomba ruhusa kazini, tunakwenda wote watatu.

Usije. Ukija hapa nitakurudisha kwa basi lilelile.

Mama Naima


Njombe,
27 Septemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mama Naima, shikamoo na wewe, maana najua ni wewe unayesoma. Ahsante. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Baba, nisamehe. Nilitaka kuandika mengi ila naona aibu kusema haya kwa mdomo wa mtu mwingine. Mama Naima, naomba hapa usome taratibu, na usikohoe.

Niliona ukipapasa sahani. Niliona, nikaandika, na bado sikuelewa. Niliishi nawe nyumba moja miezi minne tangu tumzike Mama, na nilikuwa bize kuhesabu huzuni yangu. Ulivaa shati la kanisani. Hilo ndilo linaloniua. Ulivaa shati la kanisani ukakaa gizani masaa matatu, na mimi nikakuita mwongo.

Nilikwenda kwa Madam nikamwambia ukweli. Alitaka kuubandua mchoro wako ukutani, mimi nikakataa. Nimeandika chini yake, "Huu ni mwezi kama unavyoonekana kwa mtu mwenye mtoto wa jicho." Rukaiya alikuja kitandani kwangu jioni, akaniachia karanga.

Leo ni Jumamosi, wewe umeshafanyiwa juzi na mimi sijui chochote. Nimemwomba matroni simu, amesema Jumapili. Nataka kuja. Ukiniambia nisije sitakuja, lakini nataka kuja.

Marietha


Sinza,
1 Oktoba 2025

Mwanangu Marietha,

Marahaba. Usije. Jumapili kwenye simu umenisikia mwenyewe, mzima, na wewe ulikuwa unalia tu, matroni kamaliza mchele wake hatujasema kitu. Sasa tuongee.

Walinifanyia Alhamisi, nikiwa macho. Unasikia wanaongea mambo yao, mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake harusi ya dada yake. Ijumaa wakafungua bandeji. Nesi akaniuliza unaona vidole vingapi, na mimi nilikuwa natazama kucha zake, amepaka rangi, kidole cha mwisho rangi imebanduka. Nikamwambia hivyo badala ya kusema vitatu. Akacheka, Naima akatoka nje akalie. Jicho la pili ni mwezi ujao. Nimekatazwa kuinama, vumbi, na patasi mpaka wanipe ruhusa.

Nikarudi nyumbani. Marietha, chumba hiki ni kichafu. Kuna utando wa buibui kutoka kwenye taa mpaka kabatini, na mimi nilikuwa napita chini yake kila siku. Ile kanga ya mama yako pale mlangoni nilishaanza kuamini ni ya kahawia. Ni zambarau. Nilikaa kitandani nikaitazama hata uji ukapoa. Vinyago nilivyochonga mwezi wa tano nimevitoa chini ya kitanda, kuna mama mmoja jicho lake moja lipo shavuni. Nimecheka peke yangu mpaka nikakumbuka nimekatazwa kucheka kwa nguvu.

Barua zako nimezisoma zote upya, mwenyewe. Na ule mstari ambao Mama Naima aliukohoa nimeuona. Nataka nikujibu huo, maana sasa hakuna mdomo wa mtu kati yetu.

Mama yako alikudanganya. Alinidanganya na mimi. Ule uvimbe aliujua mwaka mzima kabla hatujaujua. Daktari ndiye aliyeniambia, baada ya mazishi. Wewe ulikuwa umefika kidato cha tatu, hakutaka uvurugikiwe masomo, na mimi nilikuwa na oda kubwa, hakutaka niiache. Nilimkasirikia sana, nikakosa pa kuipeleka hasira, mtu keshazikwa. Halafu macho yangu yalipoanza nikafanya kilekile alichofanya yeye. Sikuliona hilo mpaka juzi niliposoma mstari wako. Nakuomba tukomee hapo, wewe na mimi. Ukiumwa niambie. Nikiumwa nitakwambia, na wewe utabaki shuleni, na utavumilia kujua.

Sasa mwezi. Jana Jumanne nilitoka saa kumi na moja jioni. Sikwenda hata nyuma ya tangi. Nilisimama katikati ya uwanja, nguo za Naima zimeanikwa, jua linawaka, kwa Albano ndiyo kwanza wanapanga viti. Nikainua uso upande wa kusini mashariki, nikafumba jicho bovu.

Ulikuwepo. Mweupe juu ya bluu, nusu iliyokatwa safi, upande ulioelekea jua ndio unaowaka. Mstari ulikuwa mmoja. Nilitazama madoa yake, yale ya kijivu, nikayafuata moja moja kama ninavyofuata nyuzi za gogo kabla sijaligusa. Nilikuwa sijauona mwezi mchana tangu sijui lini. Nimeishi Dar miaka thelathini na moja, kila mwezi huwa unapita hapo juu saa hizo watu wakitoka kazini, na sikuwahi kuinua kichwa.

Mchoro nimekuwekea. Mwambie Madam unarudi kwenye kazi yake.

Kuna jambo moja nilitaka kuliacha, lakini tumekubaliana kutofichana.

Nilipouona nilifurahi mpaka nikaita. Sikufikiri, mdomo ulitangulia. Nikamwita mama yako kwa nguvu, "Anastasia, hebu toka uone!"

Nilibaki nimesimama pale na mkono juu. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Mama Naima, mikono imejaa unga wa chapati. Hakujifanya hakusikia. Alikuja akasimama pembeni yangu, pale ambapo mtu angesimama, akainua uso.

"Uko wapi?" akasema.

Nikamwonyesha.

Baba yako,
Polikarpo